Mbwa wa Makabwela Langoni pa Mlowezi

Ndugu msomaji, wako mbwa wa kigeni ambao majina yao yamekwisha kuzoeleka mijini mwetu. Mtoto wa shule mjini Arusha atakutajia mbwa wa polisi bila ya kufikiri, na siku hizi jina la Rottweiler nalo halimshangazi mtu. Lakini yuko mmoja ambaye watu humwona mara moja tu maishani, wakasimama na kuulizana kama huyo ni mbwa au ni beberu. Miguu yake imenyooka kama nguzo, kichwa ni kirefu na chembamba, kidevuni ana ndevu za mzee wa baraza, na mgongoni ana weusi uliokaa mfano wa shogi juu ya punda, hali kichwa, masikio na miguu ni ya rangi ya hudhurungi. Manyoya yake si laini. Ukiyapapasa utadhani umeshika brashi ya kusugulia sakafu. Huyo ndiye Airedale, mkubwa kuliko teria wote wa Uingereza. Dume husimama sentimeta 58 hadi 61 begani, jike hupungua kidogo, na uzito wao huwa kati ya kilo 20 na 30.

Neno teria limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa sababu mbwa wa ukoo huo walifugwa ili waingie mashimoni kuwatoa panya, mbweha na waharibifu wengine. Airedale haingii shimoni, mwili haumruhusu. Amebaki na moyo wa teria tu, na moyo ule katika mwili mkubwa namna ile ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kama nitakavyoeleza. Nimekaa naye nyumba moja kwa miaka kumi, mtaani Ngarenaro, katika vyumba viwili vya kupanga, na sidhani kama wako wengi nchini wanaoweza kusema hivyo.

Asili yake ni bonde la mto Aire, katika Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Katikati ya karne ya 19 bonde hilo lilikuwa limejaa viwanda vya sufu. Mwaka 1853 tajiri mmoja, Titus Salt, alifungua kando ya mto huo kiwanda kikubwa mno, akajenga na mji mzima wa wafanyakazi wake, akauita Saltaire, yaani jina lake likiungana na jina la mto. Wafanyakazi wa viwanda vya namna hiyo, pamoja na wachimba makaa ya mawe na mafundi wa miji ya Bingley na Keighley, ndio waliomtengeneza mbwa huyu. Elimu ya uzazi wa wanyama hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni mto uliojaa panya, mshahara mdogo, na saa chache za mapumziko. Wakamchukua teria wao wa zamani, mwenye manyoya magumu na ukali mwingi, wakamzalisha na mbwa mkubwa aliyezoea kuwinda fisi-maji, hodari wa kuogelea na kunusa. Vizazi vilipopita wakapata mbwa asiyeogopa maji wala meno.

Siku za mapumziko waliwashindanisha. Mnyama mdogo mfano wa kicheche aliingizwa katika shimo la ukingoni, panya akatoka na kujitupa majini, na mbwa wawili wakamfuata kwa kuogelea huku wenyewe wakipiga kelele na kuweka dau. Usiku mbwa yule yule alikuwa na kazi nyingine, isiyosemwa hadharani: kuingia katika misitu ya makabaila na kurudi na sungura. Hapo mwanzo aliitwa teria wa kando ya maji, au teria wa Bingley. Mwaka 1886 Kennel Club ya London ikamwandika rasmi kwa jina la Airedale. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Paris, Louis Pasteur alikuwa amesimamia mtoto Joseph Meister kuchomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Habari hiyo nitairudia, maana bila ya chanjo hiyo nisingekuwa na kisa cha kukusimulia.

Baada ya hapo mbwa yule alipanda cheo. Mwaka 1908 polisi wa reli walianza kumtumia kulinda bandari ya Hull usiku, wakamfundisha asimguse mtu aliyevaa sare ya polisi. Mwaka 1917 Jeshi la Uingereza lilifungua shule ya mbwa wa vita chini ya Edwin Richardson, ambaye aliwasifu sana Airedale kwa kuchukua barua kutoka handaki hadi handaki chini ya risasi. Warusi nao, baada ya Vita Kuu ya Pili, walitia damu yake katika mbwa mpya waliyemzalisha kwa ajili ya jeshi lao. Basi mtoto wa makabwela akawa askari. Yaliyowapata mbwa katika jambo hili yamewapata na watu wengi.

Jinsi alivyofika kwenye miteremko ya Mlima Meru ni sehemu ya habari ya walowezi. Walitangulia Wajerumani, wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, wakafuata Wagiriki na Waingereza, na kila aliyekuja alikuja na mbwa wake. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Ngarenanyuki ili walowezi wapewe nafasi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kupeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu aliyekaa juu ya ardhi ya namna hiyo hakukosa kuwa na mbwa langoni.

Marehemu baba yangu aliajiriwa katika shamba moja la kahawa upande wa Tengeru. Kazi yake ilikuwa bustani, lakini bwana shamba alipoona kwamba mbwa wanamtii, akamkabidhi na mbwa. Walikuwa Airedale watatu. Langoni kulikuwa na kibao cha bati kilichoandikwa MBWA MKALI, kwa Kiswahili peke yake, nami nilipoanza kusoma nikamwuliza baba kwa nini hakuna maneno ya Kizungu. Hakunijibu. Kila asubuhi alipima nyama ya mbwa katika mizani, ratili kwa ratili, na jioni tulikula makande. Sikulaumu jambo hilo wakati ule, kwa sababu mtoto hudhani dunia imeumbwa hivyo. Nililikumbuka baadaye sana, nilipokuwa nimekwisha kuajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini, nikasoma katika kitabu kwamba mbwa wale walizalishwa na wasokota sufu na wafuma nguo, watu wa zamu na kipenga kama mimi. Nilipomweleza baba alicheka mpaka akatoa machozi. Akasema, "Kumbe siku zote zile nilikuwa nampimia nyama jamaa yetu."

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bwana yule aliuza vitu vyake akaondoka nchini. Mbwa wawili walikuwa wamekwisha kuzeeka, wakauawa kwa sindano. Wa tatu, dume wa miaka miwili aliyeitwa Major, alipewa baba pamoja na baiskeli na karatasi zake zote. Nasi tukamwita Meja.

Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini, na mama aliyatamka maneno hayo siku ile Meja alipoingia uani kwetu. Nyumba ilikuwa na wapangaji watano. Upande wa pili wa ukuta aliishi mzee mmoja Mwislamu, mtu wa sala tano, na mtungi wake wa maji ya kutawadhia ulikaa karibu na mlango. Baba hakusubiri ugomvi. Jioni ile ile alikwenda kwake, akavua kofia, akasema, "Mzee wangu, nimeletewa mzigo. Niambie mpaka wako uko wapi." Mzee akatoka na fimbo, akachora mstari mavumbini kutoka kwenye mnazi mdogo wa mapambo hadi bombani. Kwa miaka kumi Meja hakuuvuka mstari ule, hata ulipokuwa umefutika zamani. Hapo utajua akili ya mbwa huyu. Hufundishiki kwake neno kwa fimbo, maana ukimpiga anakuwa mkaidi kama punda. Lakini ukimwonyesha jambo mara tatu kwa upole na kwa sauti isiyobadilika, halisahau.

Tabia yake nyingine ni kwamba habweki ovyo. Mbwa wetu wa kienyeji hubwekea mwezi, hubwekea gari, hubwekea mbwa anayebweka. Airedale hunyamaza na kutazama, na ukimsikia amebweka, toka nje. Watoto huwavumilia mno: walimpanda, wakamvuta ndevu, wakamvisha kanga. Kuku ndio waliokuwa msiba. Tulilipa kuku wanne katika mwaka wa kwanza, na paka wote wa mtaa wakahamia ng'ambo ya barabara. Ukifuga mbwa wa ukoo wa teria, ndugu msomaji, usijidanganye kwamba utamwondolea tamaa ya kukimbiza chenye kukimbia. Mzoeshe tangu akiwa mtoto wa miezi miwili au mitatu, mfunge kamba utokapo naye, na mpe kazi, kwa sababu Airedale asiye na kazi hujitafutia, na kazi anayoipenda zaidi ni kuchimba. Saa moja ya kutembea asubuhi na nyingine jioni si nyingi kwake. Baba alimchukua mpaka mto Themi kabla ya jua kuchomoza, naye huko aliingia majini hata katika ubaridi wa Julai, wakati ambapo sisi tulikuwa tumejifunika mablanketi mawili.

Nisimdharau mbwa wa kienyeji. Huyu wa bomani kwa Waarusha na Wamasai, mwekundu, mwembamba, mkia umepinda, amepita katika chujio la kupe, njaa na chui kwa karne nyingi, na yule aliyebaki ni chuma. Airedale hakupita katika chujio hilo. Huugua homa ya kupe upesi, ngozi yake huwasha, nyonga zake huweza kulegea akizeeka, na kama mbwa wengine wenye kifua kirefu, akila sana kisha akakimbia, tumbo laweza kujaa hewa na kujipinda, akafa kabla ya daktari kufika. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, na baada ya kula mpumzishe.

Habari ya chakula ndiyo mfanyakazi atakayoiuliza kwanza, na ana haki. Nyama ya kupimwa kwa mizani tuliiacha kule shambani. Meja alikula ugali wa pumba na sembe uliochanganywa na dagaa, mboga za majani, na utumbo wa machinjioni uliochemshwa. Nasema uliochemshwa, na narudia. Kondoo na mbuzi wa nyika zetu wengi wana malengelenge ya maji katika mapafu na maini, nayo ni mayai ya balaa: mbwa akiyala mabichi hupata minyoo midogo sana, mayai ya minyoo hiyo hutoka na choo chake, hushika manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa huyatia kinywani. Miaka baadaye uvimbe mkubwa wa maji huota ndani ya ini la mtu. Ini lenye malengelenge lichomwe moto au lizikwe kwa kina, asipewe mbwa hata kama analia. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitupwe chini, kwa kuwa huvunjika kama vigae. Vitunguu pia si chakula cha mbwa. Na dawa ya minyoo apewe kila miezi mitatu.

Manyoya yana mashairi yake. Wengi humpeleka mbwa wa namna hii kwa kinyozi, akanyolewa kwa mashine, na kwa mbwa wa nyumbani si dhambi. Lakini kwa mashine manyoya hulainika na weusi hupauka. Njia ya zamani ni kung'oa. Manyoya yaliyokufa hujiachia yenyewe mara mbili hivi kwa mwaka. Unayashika kwa kidole gumba na cha shahada, machache machache, unavuta kuelekea yanakolala, nayo hutoka bila ya maumivu. Baba alifanya hivyo Jumapili mchana kwa kisu butu, redio ikiwa dirishani, kazi ya wiki tatu. Ndege walikuja kuokota manyoya yale wakajengea viota. Ndevu zioshwe kila siku, ama sivyo zitanuka. Na kila jioni kupe watafutwe masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Dawa ya josho la ng'ombe usimpake mbwa kwa kukisia. Nimeona mbwa wawili wakifa kwa povu namna hiyo. Iko dawa ya mbwa, nayo ina kipimo chake.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Masika ya mwaka 1977, asubuhi, mbwa mgeni aliingia mtaani kwetu akitokea upande wa bondeni. Taya la chini lilikuwa limelegea, udenda ukimtoka nyuzi nyuzi, na alitembea kwa mstari kama anayevutwa kwa kamba, hatazami kulia wala kushoto. Alimwuma msichana mmoja mguuni palipo na foleni ya maji. Watoto wakatawanyika. Meja alikatiza uani, akamkamata shingoni, wakabiringika matopeni, mpaka watu walipofika na mapanga na mawe wakammaliza yule mgeni. Meja alibaki na jeraha sikioni. Mabwana mifugo wakaja, wakamkata kichwa mbwa aliyeuawa na kukichukua kwenda kupimwa. Kilikuwa kichaa.

Msichana alipelekwa hospitali saa ile ile, akaanza sindano za tumboni, kumi na nne, moja kila siku, kama ilivyokuwa desturi ya zamani zile. Alipona, naye leo ni bibi mwenye wajukuu. Kwetu sisi swali lilikuwa Meja. Mtaa mzima ulitaka auawe kabla ya jua kutua, na kwa kweli sikuwaona kuwa ni wakatili. Walikuwa na watoto. Bwana mifugo akamwuliza baba, "Mzee, amechanjwa?" Baba akaingia ndani, akatoka na mkebe wa biskuti alimoweka vyeti vyetu vya ubatizo, akatoa karatasi za Meja. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miezi saba iliyopita. Wakati ambapo wengi wetu tulidhani kwamba kumchoma mbwa sindano ni mzaha wa Wazungu, baba alikuwa akimpeleka kila mwaka, kwa miguu, bila ya kutuambia.

Kanuni ni hii: mbwa asiye na chanjo akiumwa na mbwa mwenye kichaa, huuawa. Mwenye chanjo ambayo haijaisha muda hupigwa sindano nyingine mara moja, akafungiwa siku arobaini na tano. Wapangaji hawakuridhika. Aliyesimama akasema maneno ni yule mzee wa upande wa pili wa ukuta. "Huyu mbwa mimi simgusi," alisema, "na mate yake yakinigusa nina maji mara saba na mchanga. Lakini siku arobaini na tano si nyingi. Mfungieni." Basi tukajenga banda la mabanzi, lenye mlango wa kufuli na tundu la kupitishia sufuria kwa fimbo. Baba akaweka mstari wa mkaa ukutani kwa kila siku iliyopita.

Siku ya thelathini na tisa, mvulana wa miaka tisa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alianza kulalamika kwamba mkono unamwasha. Kumbe asubuhi ile ya masika alikuwa amemvuta mdogo wake asiumwe, na jino la yule mbwa likamkwaruza kiganjani, mkwaruzo usiozidi wa mwiba. Hakusema. Aliogopa zile sindano kumi na nne ambazo mtaa mzima ulikuwa ukizisimulia. Jioni alishindwa kumeza mate. Kesho yake akaletewa kikombe cha maji, na koo likamkaza hata akapiga ukelele kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ugonjwa ukifika hapo hauna dawa, si wakati ule wala leo. Alikufa siku ya nne.

Usiku wa matanga ikasemwa kwamba aliyemkwaruza ni Meja. Asubuhi baba wa mtoto alikuja mlangoni kwetu na panga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasimama mlangoni, baba akanisogeza kwa mkono. "Jirani, pole," akasema. "Ingia umtazame. Ukiona ni yeye, ufunguo huu hapa." Akampa ufunguo wa banda. Yule bwana akaenda akachuchumaa mbele ya tundu. Meja alikuwa ndani akimtazama, mkia ukitikisika kidogo. Baba akasukuma sufuria ya maji kwa fimbo, na Meja akainama, akanywa, polepole, akilowesha ndevu, mpaka sufuria ikabaki tupu. Mbwa mwenye kichaa huenda asiyaogope maji kama mtu anavyoyaogopa, ila koo lake hufa ganzi, hawezi kumeza. Wale wawili walikaa mbele ya banda muda mrefu. Mama aliwapelekea chai. Panga lilibaki kwetu mpaka siku ya arobaini, alipokuja kulichukua mwenyewe.

Zilipotimia zile siku arobaini na tano banda likafunguliwa.

Nimeyaandika haya si kwa sababu ni ya zamani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, walio wengi katika Afrika na Asia, na sehemu kubwa yao ni watoto. Karibu wote hupata kwa kuumwa na mbwa. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, hata kidogo, jeraha lioshwe saa ile ile kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Sindano za tumboni zimekwisha kuachwa; za sasa ni chache, nazo huchomwa mkononi. Waambie watoto jambo hilo mapema, wasifiche. Mbwa naye achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, hata kama ni koko asiyetoka uani. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Yako na maradhi mengine ya mbwa yanayovuka mipaka yetu. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia Serengeti, na simba wapatao elfu moja, kiasi cha theluthi ya simba wote wa hifadhi ile, wakafa. Tangu hapo kuchanja mbwa wa vijijini kandokando ya hifadhi hakuonekani tena kuwa ni anasa. Kwetu huku mpaka wa Hifadhi ya Arusha umepakana na migomba na kahawa ya watu. Mbwa anayekesha akifukuza nguruwe mwitu na nyani hukutana na wanyama wa msituni kila usiku.

Kama unauliza faida ya mbwa mwenye akili katika zama hizi, nenda Usa River, pale pale chini ya mlima. Tangu mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha hapo mbwa wa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona, pamoja na askari wa kuwaongoza, kisha wakapelekwa kwenye bandari na viwanja vya ndege vya Afrika Mashariki. Waliochaguliwa ni wa koo nyingine. Airedale hayumo, na hata huko kwao Uingereza siku hizi ni wachache. Nadhani ukaidi wake umemponza. Askari anataka mbwa atakayetii kwanza na kufikiri baadaye.

Meja alikufa mwaka 1983, mwaka ule wa foleni za unga na sabuni, akiwa na miaka kumi na miwili. Nyonga zilikuwa zimekwisha, na baba alimbeba kumtoa nje asubuhi na jioni. Kabla ya hapo alikuwa amezaa na majike wa kienyeji huko Sekei, Ilboru na hata Ngaramtoni, kwa maana watu waliomtaka auawe ndio hao hao waliokuja baadaye kuomba mbegu. Watoto wake walitoka na miguu ya mama zao na ndevu za baba. Mmoja alipewa jina la Watasema, mwingine Yana Mwisho, kama ilivyo desturi yetu ya kumsema jirani kwa jina la mbwa. Baba wa yule mvulana alichukua jike, akamfuga mpaka akazeeka, na kila mwaka, siku za chanjo, alipita kwanza kwetu kumwuliza baba kama yuko tayari, wakaenda pamoja.